Mpini wa Mninga

Tabora, Jumatano, Agosti 1974

Nimenawa mara tatu na mikono bado inanuka mafuta ya bastola ile.

Vibao vya mpini wake vilikuwa vimepasuka. Juzi afisa mwenye bastola aliminya donge la nta ya nyuki ili Baba apate umbo la kiganja chake, kisha Baba akachonga vibao vipya vya mninga. Leo akaniita nivijaribu, kwa kuwa mkono wangu ni mdogo kama wa yule bwana. Vilinikaa sawasawa. Nilichukia.

Kesho afisa anakwenda Choma kuwahamishia watu wa huko katika kijiji kipya. Bibi, mama yake Baba, yuko huko, na ameapa hataliacha kaburi la Babu.

Nililegeza skrubu. Baba akaniona.

“Kaza, mama. Ikimchezea mkononi, risasi itampata yeyote.”

Nikakaza.

Afisa alipofika nilimwamkia.

“Marahaba, binti. Fundi ni wewe au mzee?”

Nilimkabidhi bastola kwa mikono miwili, nimepiga goti kidogo, kama Bibi alivyonifundisha kumpa mkubwa kitu.