Pembe ya Kushoto ya Lomeri

Kakuma, Jumapili

Apa, baba yangu mpendwa,

Ejoka? Hamjambo nyumbani? Kaka Ekai anayekusomea asome polepole, na asiruke nitakapoanza kulalamika. Kwanza nataka kujua kama kifua cha Bibi kimepata nafuu, na kama mvua iliyotangazwa redioni ilifika Kaaleng au iliwapita. Hapa haikufika. Mto Tarach ni mchanga mtupu, na sare tunafua kwa zamu. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na sababu ni Lomeri.

Likizo iliyopita uliniruhusu niwafundishe wenzangu wimbo wa maksai wako Lomeri, tukauimbe kwenye tamasha la shule huko Lodwar. Uliomba jambo moja tu, tumwimbe kama alivyokuwa. Tangu ukame umchukue, hujabaki na kitu chake kingine. Niliahidi.

Mwanzoni tulikwenda vizuri. Mwalimu wetu wa muziki, mtu wa Kitale, aliupenda wimbo akanifanya kiongozi. Niliwaonyesha wasichana pembe zake: mkono wa kulia juu, wa kushoto umekunjwa ukashuka hadi shavuni, kwa kuwa ndivyo ulivyoikunja pembe ile alipokuwa mdogo. Wiki hii mwalimu amesema mikono yote iinuke sawa, majaji wasidhani tumekosea. Na madoadoa yake ameyaondoa kwenye maneno ya wimbo. Sasa Lomeri ni mweupe, maana nguo zetu ni nyeupe.

Nilimwambia kwa adabu kwamba huyo si Lomeri. Akatabasamu, akasema, "Akiru, ni ng'ombe tu. Nani Lodwar atamjua?"

Wasichana walicheka. Tangu siku hiyo wananiita Mama Maksai, hata kwenye foleni ya mlo wa githeri. Achol peke yake hakucheka. Ni rafiki yangu wa Sudan Kusini, anaishi kambi ya wakimbizi na wazazi wake. Alisimama akamwambia mwalimu, "Hata kwetu mikono ndiyo pembe. Ukiibadilisha, umeimba ng'ombe wa mtu mwingine."

Tulitolewa nje sote wawili. Nililia kwa hasira, Apa, nawe unajua silii ovyo. Darasani tukikosea jina la mfalme wa nchi ya mbali tunakatwa alama. Lakini Lomeri, niliyemchunga mwenyewe, anageuzwa rangi ili afanane na nguo.

Mwalimu si mtu mbaya. Jioni aliniita, akasema mwenye wimbo, yaani wewe Apa, ndiye aamue. Ukikataa, tutaimba wimbo mwingine, na utakuwa na kiongozi mwingine. Mimi nitabaki hapa wenzangu wakienda. Sijawahi kuiona Lodwar, na nilitamani sana.

Hata hivyo usinionee huruma. Mpigie mwalimu kwa simu ya Ekai kabla ya Ijumaa, umwambie unavyotaka wewe. Ila naomba, kabla ya kukataa, mwimbie kidogo. Nafikiri akikusikia ukifika pale pa pembe, ataelewa.

Msalimie Mama, na Bibi asiyekubali kunywa dawa. Msalimie Shangazi anayetengeneza shanga. Mwambie mkufu wake haujakatika. Na wewe Ekai, asante kwa sauti yako.

Ni mimi binti yako, ninayeshusha bado mkono wa kushoto,

Akiru