Kaka, Vile Havikuwa Vidonda vya Tumbo

Kaka yangu,

Kamwene. Nina hasira na wewe, na sitaipunguza eti kwa sababu umekufa.

Unakumbuka msiba wa mama, Iringa? Ulisimama na suti yako ya kijivu ukasoma historia ya marehemu kwa sauti ile ya kanisani. Ulipofika kwenye ugonjwa ukasema mama alisumbuliwa na vidonda vya tumbo kwa muda mrefu. Kwa mama mdogo ukasoma vilevile. Kwa mjomba, vilevile. Nikakutania jikoni kwamba ukoo wetu tunagawiwa vidonda kama urithi wa shamba. Ukacheka, ukaniambia niongeze maharage, wageni ni wengi.

Kumbe ulijua. Wifi aliniambia asubuhi ya maziko yako. Daktari wa mama alikuita wewe, mtoto wa kwanza, akakwambia ni saratani ya kurithi, sote tupimwe. Wewe ukamwambia mkeo: "Nikisema, nani atakuja kuoa kwetu?"

Ukanyamaza. Hata ulipoanza kushiba kwa matonge matatu ya ugali, bado ulikuwa unaagiza dawa za vidonda.

Msibani kwako nilisoma mimi. Nikasema saratani, yako na ya mama, na watoto wote wa ukoo wakapimwe. Baba mkubwa akaniambia nimewavua nguo mbele za watu. Nikamjibu kwamba bora nguo kuliko jeneza.

Kisha nikaenda hospitali Mbeya. Nikamwambia daktari mimi nafyatua matofali Iyunga, anieleze kama fundi. Akasema seli za mwili zinashikana kwa protini, kama mchanga unavyoshikwa na saruji. Kwetu, maagizo ya kuitengeneza protini hiyo yana kasoro. Seli zikikosa kushikana zinaachiana, zinapenya moja moja kwenye ukuta wa tumbo. Hazifanyi uvimbe mapema, kwa hiyo hata kamera inaweza kupita isione kitu. Nikamwelewa kabisa. Tofali la saruji pungufu nalo kwa nje ni zuri, mpaka ulibebeshe mzigo.

Mzazi akiwa na kasoro, kila mtoto ni nusu kwa nusu. Hesabu zako za sekondari nilikufanyia mimi, na ulinitangulia madarasa mawili. Hii nayo ungeniletea, kaka. Ningekufanyia.

Majibu yangu yametoka. Kasoro ninayo. Wanataka kulitoa tumbo langu lote, ule mfuko wa chakula, kabla halijaharibika, nami nimekubali. Nitajifunza kula kidogo kidogo.

Ya binti yako Neema bado. Mchumba wake alikuwepo makaburini, alisikia kila neno. Jana alikuja Iyunga, nikamwekea kiti nikijiandaa kusikia kwamba posa basi tena. Akauliza kitu kimoja tu: "Shangazi, siku ya majibu tufike hospitali saa ngapi?"

Huyo ndiye uliyekuwa unamwogopa.

Lala, kaka. Hasira yangu haijalala.

Mimi mdogo wako, ambaye ugonjwa wake utasomwa kwa jina lake halisi.