Siimbi, Nabembeleza

Jumatatu, 4 Machi
Profesa kaniita asubuhi. Eti vipimo vya pumzi vimepanda kwa makundi yote mawili, sawasawa! Wagonjwa wa mapafu tunaowafundisha kuimba, na wale tunaowalinganisha nao, wanaokaa tu kupiga soga. Kama soga inatosha, anasema, ripoti itasema kuimba hakuna faida, na darasa lifungwe. Nikabisha. Akanijibu vipimo havina mjomba.

Mama mkwe yumo kundi la soga. Kura ndiyo ilimtupa huko, lakini alininunia mimi.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda mwenyewe chumba cha soga. Sijafika mlangoni—sauti! Wote wanaimba, polepole, pumzi ndefu, na mjukuu wa mgonjwa mmoja, mwalimu mstaafu, kalala fofofo mapajani mwa bibi yake. Anayeongoza nani? Mama mkwe!

Nikamuuliza kwa adabu, mama, si tulikubaliana humu hakuna kuimba?

"Nani anaimba, mwanangu? Tunabembeleza mtoto."

Kuimba, eti, ni kule kwa wenzao wanaosimama na kupigiwa kinanda. Wenziwe wakaitikia kwa vichwa. Mtoto huja kila kikao, na kila kikao hulia. Nami ndiye niliyeandika maelekezo: "Msiimbe." Nani angefikiria kuongeza "wala msibembeleze"? Nani!

Ijumaa, 8 Machi
Profesa bado hajui. Nikisema, kundi zima la soga linafutwa, mama mkwe anarudi kukaa nyumbani na kifua chake. Nikinyamaza, darasa la kuimba linakufa kwa uongo. Mume wangu nimemweleza, kacheka hadi machozi. Eti, ndiye mama huyo, utamfanya nini? Msaada gani huo!

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe kapanda ngazi hadi kwetu ghorofa ya tatu bila kusimama. Mwaka jana alikuwa akikaa kila kona, mkono kifuani, nami naogopa hata kumtazama. Nimefurahi mpaka nimekasirika. Nikamweleza yote. Kasema basi, atawaambia wenzake waache, asije akaniharibia kazi. Aibu imenishika.

Sasa mwanangu kaamka, analia. Bibi yake kamweka begani, kafungua mdomo—kaufunga. Anazunguka naye chumba kizima, kimya.

"Nimbembeleze, au hata hapa ni kosa?"

Hatanii. Mtoto bado analia. Aliyekataza ni mimi, basi ananingoja mimi. Naweka kalamu—