Siku Nilipokutoa Kwenye Hesabu

Mpendwa baba,

Nakuandikia kwenye cherehani yako hapa mtaani Biryogo, karatasi ipo pale ulipokuwa ukiweka chaki. Usinigombeze, nimepangusa mafuta kwanza.

Unakumbuka nilipokuletea kazi yangu ya malaria? Nilikuwa nimerudi na shahada, kichwa kimevimba. Nikakuonyesha milinganyo: mbu wanazaliana hivi bondeni, watu wanaugua hivi. Ukavua miwani.

"Mwanangu, iko muzuri. Sasa Mama Zuhura iko wapi humu?"

Nikasema jirani yetu hayupo, watu wote nimewachanganya kama unga. Ukacheka mpaka ukakohoa.

"Mimi nakata suti na karatasi, lakini mutu lazima akuje ajaribu. Bila hivyo, bega inakataa."

Nilinuna siku mbili. Kisha nikaja na daftari, tukapita vichochoroni pamoja, mlango kwa mlango: nani hukaa nje jioni, nani ana chandarua. Nikaandika programu ya pili, kila mtu peke yake. Milinganyo inahesabu mbu wa siku, programu inaamua wamemuuma nani, na waliougua wanarudishwa kwenye milinganyo. Mkuu wangu ofisini alitaka nichague njia moja. Nikamjibu kwamba fundi hachagui kati ya mkasi na sindano. Hayo ni maneno yako, niliyaiba bila aibu.

Nawe ulikuwemo: fundi, mlangoni kila jioni, hana chandarua, mbishi.

Kesho naiwasilisha mbele ya madaktari, na siogopi, kazi ni nzuri. Ila ilikuwa na uongo mmoja. Huu mwezi wa tatu tangu tukuzike, na humo bado ulikuwa umekaa mlangoni. Nilishindwa kukugusa. Leo asubuhi nimekufuta, baba. Nimelia, halafu nikaiendesha upya.

Mbu wako hawakupotea. Walimhamia mama, aliyekuwa karibu nawe zaidi humo programuni. Nikadhani nimekosea, nikakagua mstari kwa mstari. Sikukosea. Jioni nilipofika nyumbani nilimkuta kwenye kiti chako, mlango wazi, anatazama njia uliyokuwa ukirudia kutoka msikitini.

Sikumwambia habari za hesabu. Nimemwingiza ndani na kiti chako, nikamfungia chandarua kitandani. Analalamika kwamba kinamnyima hewa. Hata wewe ulisema hivyo hivyo.

Pumzika, baba. Mlangoni sasa nakaa mimi, soksi mpaka magotini.

Binti yako