Kivuli cha Mkorosho

Kikoneni, Jumapili, Novemba 1997

Bado siamini macho yangu. Mume wangu, Mutua, alitaka tuing'oe nepia yote, majani tunayomlimia ng'ombe. "Miche tuliyopewa na jirani ina ugonjwa!" alisema. Na ng'ombe angekula nini?

Tuliipanda chini ya mkorosho, kama tulivyozoea kwetu Makueni, isiungue na jua; mistari michache tu ilitokeza nje ya kivuli. Kwa mvua hizi imeota ukungu na madoa meusi.

Leo nilikwenda kukata. Subhanallah, kama wasemavyo majirani: ugonjwa umeishia pale pale kivuli kinapoishia! Miche ni ile ile. Mguu wangu wa kivulini umelowa umande, wa juani mkavu.

Nilimwita Mutua. Alitazama, akapanda juu ya mkorosho na panga.

Jua ndilo lililotufukuza kwetu. Leo tumelikatia matawi lipite.