Vitamini za Mama Yako

Shaoxing

Ruoyun mwanangu,

Natumaini huko Harbin theluji imepungua. Paka wa jirani amezaa ndani ya kapu lako la zamani, nami siku hizi nakula uji tu.

Jumapili uliniuliza kwenye simu, “Baba, vitamini umemeza?” Nimemeza. Lakini mwanangu, nilifundisha kemia maisha yangu yote. Tangu siku ile daktari alipomwita mama yako nje, nami nikaachwa nikifunga viatu, nilijua nina saratani ya damu. Nilijua pia alichokuwa akinitilia katika chupa ya vitamini.

“Vitamini gani hizi zinazonitapisha, Peizhen?” nilimtania.

“Za wenye vichwa vikubwa. Meza, unyamaze!”

Dawa ile ilinipa miaka kumi na sita. Nilikuona ukiolewa. Nilimzika mama yako, yeye aliyekuwa mzima. Sasa imeshindwa, na daktari amekupigia simu wewe, si mimi.

Nilinyamaza nikidhani ninaulinda moyo wa mama yako. Kila jioni alilia jikoni, bomba amelifungulia ili nisisikie. Nilisikia. Nilikaa upande wa pili wa ukuta na gazeti langu, nikamwacha alie peke yake mpaka alipokufa.

Jumapili, baada ya swali lako, nilisikia maji yakifunguliwa huko kwako.

Njoo kabla ya mwaka mpya, mwanangu. Funga bomba, tulie pamoja.

Baba yako,
Shen Guoliang