Wifi Anaonja Uji Wangu

Mama yangu mpendwa,

Unakumbuka ile chai ya Lweba? Tulikuwa tumekwenda kununua ndagala, wale dagaa wa ziwani, mwenye nyumba akatukaribisha, akamimina chai lakini hakuonja. Ukanikanyaga mguu, ukamwambia umefunga, na asubuhi ile tulikuwa tumekula muhogo pamoja. Njiani ukaniambia, "Muntu akikosa kuonja mbele yako, usikunywe." Nilicheka sana, lakini neno hilo sikulitupa.

Tangu nirudi kutoka Bukavu nilikopimwa uvimbe wa titi, nyumba yangu hapa Baraka siielewi. Nikiingia, watu wanaacha kuzungumza. Mume wangu, ambaye hajawahi kuniletea hata kikombe cha maji, ananiuliza kama nimelala vizuri. Wifi yangu Mama Zaina ametoka Kazimia bila kuitwa, eti kunisaidia. Unamjua Mama Zaina: hawezi kumsaidia mtu bila kumsema. Sasa hanisemi kabisa, na anacheka kila ninachosema, hata kisichochekesha. Nikajiambia, huyu amekuja kunimaliza.

Basi nikawa simezi kitu mpaka aonje. Uji, samaki, hata maji. Alionja vyote bila kununa, na huko kutonuna ndiko kulikonitia hofu zaidi. Mara nyingi nilikataa hata baada ya yeye kuonja. Nikakonda, na kila nguo ilipozidi kunipwaya nilisema moyoni kwamba sumu inafanya kazi. Kumbe ilikuwa njaa, mama.

Juzi aliweka bakuli la uji mbele yangu, hakugusa kijiko. Akakaa chini kwenye mkeka, machozi yakamtoka.

"Mi nimechoka kuonja," akasema. "Hakuna muntu alikutilia sumu. Iko kansa. Munganga wa hospitali aliambia bwana yako, na yeye akatukataza kusema."

Nilikasirika sana. Watu wazima wamejifungia chumbani kuzungumzia mwili wangu, mimi niko nje nachambua mboga za lengalenga! Mume wangu aliporudi alisema aliogopa nisije nikakata tamaa. Nikamwambia nilikuwa nimeshawakatia tamaa wao. Uji ulikuwa umepoa, tukaunywa hivyo hivyo mimi na Mama Zaina, tukamsema kaka yake mpaka tukacheka.

Sasa nakushuku wewe, mama. Ulipokonda, kabla ya kutuacha, ulisema ni tumbo tu. Watu wakasema ulilishwa kitu, nami nikaamini, nikawachukia majirani. Je, na wewe walikuficha? Au ulijua, ukanificha mimi niliyekuwa nakuogesha? Nakupenda, na nimekukasirikia, na sina wa kuniambia ukweli.

Leo asubuhi nilimwita mjukuu wako Halima. Nilimtajia ugonjwa kwa jina lake, nikamwambia tutarudi Bukavu kutibiwa. Akanitazama kwa yale macho ninayowatazama nayo watu siku hizi, yasiyoamini.

"Mama, utakufa?"

"Sijui," nikamwambia. "Siku nitajua, na we utajua."

Akasogea, akalala mapajani mwangu.

Pumzika, mama. Hata hivyo, ningependa ungeniambia.

Mimi binti yako, mama yake Halima